Wanachama wa Mara Chache Ndio Waliosubiri Zaidi: Uchambuzi wa Kisa cha Faharasa Iliyokosekana

Kisa hiki kinahusu mfumo wa SACCOS moja nchini Tanzania, ambayo sitaitaja jina, unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 13, kutunza kumbukumbu za amana, hisa, marejesho ya mikopo na malipo yanayoingia kwa njia ya simu. Jedwali kubwa kuliko yote humo ni lile linaloitwa miamala, ambalo wakati kazi hii inafanyika lilikuwa na rekodi zaidi ya milioni 10 za wanachama wapatao 40,000. Swali linaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote kwenye jedwali hilo ni jepesi kulitamka: mwanachama amefika kaunta, karani anafungua ukurasa wake, na mfumo unatakiwa uonyeshe miamala yake 20 ya mwisho.

Kwa wanachama wengi jibu lilikuja papo hapo, lakini kwa baadhi yao skrini iliganda kwa sekunde zaidi ya kumi, na mwisho wa mwezi, foleni inapokuwa ndefu na makarani wote wanafanya kazi kwa pamoja, ukurasa ulikatika kabla jibu halijafika. Uongozi ulikwisha kuandaa maombi ya kununua seva yenye kumbukumbu (RAM) kubwa zaidi. Kabla ya ununuzi huo kuidhinishwa, mafundi waliombwa waeleze ni kwa nini hasa mfumo ni mzito, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Jambo la kwanza lililostahili kuzingatiwa halikutoka kwenye seva bali kwa makarani wenyewe. Walisema, bila kujua uzito wa maneno yao, kwamba mawakala na wafanyabiashara wanaoweka na kutoa fedha kila siku hawana shida yoyote, ila wanaochelewa ni wastaafu na wakulima wanaokuja mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa akili ya kawaida ilitakiwa iwe kinyume chake, maana mwenye miamala maelfu ndiye angepaswa kuisumbua hifadhidata kuliko mwenye miamala sita. Mtu anayeanza na dhana ya seva ndogo angeipuuza habari hiyo. Kwa maoni yangu ilikuwa na thamani kuliko grafu yoyote ya matumizi ya kichakato (CPU), kwa sababu seva iliyozidiwa humchelewesha kila mtu, ilhali hapa ucheleweshaji ulikuwa unachagua.

Swali lenyewe liliandikwa hivi kwa SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata (WHERE huchuja, ORDER BY muda DESC hupanga kuanzia muamala wa karibuni, LIMIT huweka kikomo cha idadi):

SELECT id, muda, aina, kiasi
FROM miamala
WHERE mwanachama_id = 48213
ORDER BY muda DESC
LIMIT 20;

Hakuna kosa lolote katika maandishi hayo, na mtu yeyote angeliandika vivyo hivyo. Ili kujua hifadhidata inalitekelezaje, liliwekewa maneno EXPLAIN ANALYZE mbele yake, amri ambayo hulitekeleza swali kweli na kisha kueleza hatua zilizofuatwa, muda uliotumika katika kila hatua na idadi ya rekodi zilizopita. Kwa mwanachama mmoja wa wale wanaochelewa, kiini cha maelezo yaliyorudi kilikuwa hiki:

Limit
  ->  Index Scan Backward using miamala_muda_idx on miamala
        Filter: (mwanachama_id = 48213)
        Rows Removed by Filter: 10412877

Mtazamaji wa haraka anaweza kuliona neno Index, linaloashiria kwamba imetumika faharasa, yaani orodha iliyopangwa inayoiwezesha hifadhidata kuzifikia rekodi bila kulisoma jedwali zima, akaridhika, na kuhitimisha kuwa tatizo liko kwingine. Mstari wa mwisho ndio unaosema ukweli. Hifadhidata ilisoma rekodi zaidi ya milioni 10, moja baada ya nyingine, ikazitupa zote kwa sababu si za mwanachama huyo, ikabaki na chache tu mkononi. Faharasa ilitumika, ndiyo, lakini ilitumika kama njia ya kulisoma jedwali zima kwa kurudi nyuma kutoka muamala wa leo hadi wa kwanza kabisa kuandikwa.

Ili kuelewa kwa nini kipangaji cha PostgreSQL, sehemu inayoamua namna ya kulitekeleza swali, kilichagua njia hiyo, ni lazima kuangalia kilikuwa na nini cha kuchagua. Jedwali lilikuwa na faharasa tatu: ya ufunguo mkuu kwenye id (namba ya kipekee ya kila muamala), nyingine kwenye muda, na nyingine kwenye hali. Kwenye mwanachama_id hapakuwa na faharasa yoyote, ingawa safu hiyo ni ufunguo wa kigeni unaoelekeza kwenye jedwali la wanachama. Mfumo huu ulibuniwa awali na watu waliozoea MySQL, hifadhidata nyingine, ambako injini yake ya kuhifadhi data iitwayo InnoDB hutengeneza yenyewe faharasa ya ufunguo wa kigeni pale inapokosekana. PostgreSQL haifanyi hivyo. Huhakikisha kwamba safu inayoelekezwa, yaani id ya jedwali la wanachama, ina faharasa ya upekee, lakini safu inayoelekeza huachiwa mwenye mfumo aamue mwenyewe. Pengo hilo halitoi onyo wala kosa, na jedwali linapokuwa na rekodi elfu chache hakuna anayelihisi.

Kwa hiyo kipangaji kilibaki na njia mbili. Ya kwanza ni kulisoma jedwali zima, kuchuja rekodi za mwanachama anayetakiwa, kisha kuzipanga kwa muda. Ya pili ni kuitumia faharasa ya muda kuanzia mwisho, ambayo tayari imepangwa, na kusimama mara tu rekodi ya ishirini itakapopatikana. Kipangaji hukadiria gharama za kila njia kwa kutegemea takwimu ambazo amri ya ANALYZE huzikusanya. Kwa mpangilio wa kawaida amri hiyo huchukua sampuli ya rekodi 30,000 na kuorodhesha thamani zisizozidi 100 zinazojirudia mno katika kila safu. Mwanachama asiyekuwamo kwenye orodha hiyo hukadiriwa kuwa sawa na wenziwe wote. Ukigawanya rekodi milioni 10 kwa wanachama 40,000, kila mmoja anapata wastani wa miamala 250, na kipangaji kikidhani kwamba miamala hiyo imetawanyika sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, kinatarajia kuzipata 20 za kwanza baada ya kupitia asilimia 8 tu ya faharasa. Asilimia 8 ikilinganishwa na jedwali zima ni nafuu kubwa, na uamuzi unatoka papo hapo.

Dhana hiyo ya mtawanyiko sawa si uzembe wa waliotengeneza PostgreSQL. Ni urithi wa kazi ya Patricia Selinger na wenzake wa IBM, waliochapisha mwaka 1979 namna ya kuchagua njia kwa kukadiria gharama, na karibu kila hifadhidata ya uhusiano inayotumika leo inafuata msingi huo. Bila kudhani jambo fulani kuhusu data isiyosomwa, hakuna makadirio yanayowezekana. Lakini katika SACCOS dhana hiyo inavunjika kwa namna ya pekee: wakala mwenye miamala kila siku anapatikana mapema mno kuliko makadirio, kwa hiyo jibu lake linatoka mara moja, ilhali mkulima mwenye miamala sita tangu ajiunge hana rekodi ya ishirini ya kupatikana, na hifadhidata haiwezi kujua hilo mpaka ifike mwisho wa faharasa. Maelezo ya makarani yalikuwa sahihi neno kwa neno.

Hapo ndipo hoja ya kununua seva ilipopoteza nguvu. Kumbukumbu kubwa ingeliweka jedwali zima karibu na kichakato, na usomaji kutoka kwenye diski ungepungua, lakini rekodi zaidi ya milioni 10 zingeendelea kusomwa na kutupwa kila mara mkulima anapofika kaunta, na jedwali linakua kila mwezi. SACCOS ingelipa fedha za wanachama wake ili kazi isiyo na faida ifanyike kwa kasi zaidi.

Palikuwa na dalili nyingine iliyothibitisha pengo lilelile. Afisa wa kumbukumbu alikuwa analalamika kwamba kufuta rekodi ya mwanachama aliyeandikishwa mara mbili kunachukua muda mrefu usioelezeka, hata kama rekodi hiyo haina muamala wowote. Sababu ni kwamba kila inapofutwa rekodi kwenye jedwali la wanachama, hifadhidata hulazimika kuhakikisha kuwa hakuna muamala unaoielekezea, na bila faharasa kwenye mwanachama_id uhakiki huo ni usomaji wa jedwali zima la miamala. Malalamiko haya mawili yalikuwa yamefikishwa kwa watu tofauti kwa nyakati tofauti, na hakuna aliyeyaunganisha.

Suluhisho lilikuwa faharasa moja yenye safu mbili:

CREATE INDEX CONCURRENTLY miamala_mwanachama_muda_idx
ON miamala (mwanachama_id, muda);

Mpangilio wa safu hizo mbili ndio kiini cha jambo lote. Faharasa ya aina ya B-tree, muundo uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970, hupanga maingizo yake kwa safu ya kwanza, na ndani ya kila thamani ya safu ya kwanza hupanga kwa safu ya pili. Ni kama matokeo ya mtihani wa taifa yanavyoorodheshwa kwa namba ya kituo kwanza na kisha namba ya mtahiniwa: anayejua kituo anakwenda moja kwa moja, lakini anayejua tu kwamba mtahiniwa ni wa 0042 atalazimika kupitia shule zote za nchi. Tukiweka mwanachama_id mbele, miamala yote ya mwanachama mmoja inakaa pamoja ndani ya faharasa, tena ikiwa imeshapangwa kwa muda. Hifadhidata inashuka hadi mwisho wa fungu lake, inarudi nyuma hatua 20, na inasimama. Kama ana sita, inasimama kwenye ya sita, kwa kuwa ingizo linalofuata ni la mtu mwingine. Tukiwa tumeweka muda mbele, tungebaki karibu palepale tulipokuwa.

Msomaji ataona kwamba sikuandika DESC ndani ya faharasa. Haikuhitajika, kwa sababu B-tree ya PostgreSQL husomeka mbele na nyuma kwa wepesi unaolingana. Mwelekeo huanza kuwa na maana pale swali linapopanga safu mbili kwa pande zinazopingana, moja kupanda na nyingine kushuka.

Faharasa ya namna hii kwa rekodi milioni 10 si ndogo. Kila ingizo lina baiti 16 za thamani, 8 za kichwa na 4 za kielekezi. Ukurasa wa PostgreSQL, yaani kipande kimoja cha data kinachosomwa kwa pamoja, una KB 8 na kwa kawaida hujazwa asilimia 90, kwa hiyo unabeba maingizo kama 260, na faharasa nzima inakaribia MB 300. Hata hivyo urefu wake ni ngazi tatu tu: mzizi, kurasa za kati na kurasa za majani. Kurasa tatu za faharasa, pamoja na kurasa za jedwali zisizozidi 20, ndizo zinazosomwa sasa badala ya jedwali zima. Baada ya faharasa kukamilika, muda wa swali la mkulima ulishuka hadi chini ya milisekunde moja pale kurasa zinapokuwa tayari kwenye kumbukumbu, na tofauti kati yake na wakala ikatoweka.

Neno CONCURRENTLY linastahili maelezo, kwa kuwa ndilo lililoruhusu kazi ifanyike bila kufunga kaunta. Amri ya kawaida ya kutengeneza faharasa huzuia maandishi yote kwenye jedwali hadi imalizike. Usomaji unaendelea, lakini hakuna amana wala rejesho linaloweza kuandikwa. Kwa neno hilo, PostgreSQL hulisoma jedwali mara mbili na kungoja shughuli (transactions) zilizoanza kabla yake zimalizike, bila kuzuia maandishi. Gharama yake ni kwamba haiwezi kuendeshwa ndani ya BEGIN na COMMIT, maneno yanayofungua na kufunga shughuli moja, na ikikatizwa njiani huacha faharasa iliyoandikwa INVALID (batili), ambayo haimsaidii msomaji yeyote lakini inaendelea kuandikwa kila rekodi inapoingia, mpaka mtu aiondoe. Katika kisa hiki amri ilining'inia muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Ilipoangaliwa pg_stat_activity, orodha ya yanayoendelea kwenye hifadhidata, ilionekana programu ya ripoti iliyofungua shughuli tangu asubuhi na kuiacha wazi bila kufanya chochote, na faharasa ilikuwa inaisubiri. Shughuli hiyo ilipofungwa, kazi ikaendelea. Ningemshauri yeyote anayekusudia kufanya kazi ya aina hii aanze kwa kutazama humo kabla ya kuandika amri.

Lilifikiriwa pia wazo la kuongeza id, kiasi na aina ndani ya faharasa kwa neno INCLUDE, linalopatikana tangu PostgreSQL 11, ili jibu litoke kwenye faharasa pekee bila kugusa jedwali. Lilikataliwa. Faida ya njia hiyo hutegemea VACUUM, kazi ya kulisafisha jedwali, iwe imepita karibuni na kuzitia alama kurasa kwamba rekodi zake zote zinaonekana na kila msomaji. Na hapa tunazungumzia rekodi 20, si laki mbili. Kuinenepesha faharasa kwa ajili ya kuokoa kurasa chache zilizokwisha kuwa nyepesi ni kuongeza mzigo wa kila muamala unaoandikwa.

Mzigo huo wa uandishi ndio ulioelekeza macho kwenye faharasa ya hali. Safu hiyo ina thamani tatu, IMEKAMILIKA, INASUBIRI na IMEKATALIWA, na sehemu kubwa mno ya rekodi ni za kwanza. Hakuna swali la maana linaloweza kutumia faharasa kutafuta kitu ambacho karibu kila rekodi inacho. Kipangaji huona mara moja kwamba kulisoma jedwali ni nafuu. Kazi pekee iliyohitaji faharasa hiyo ilikuwa ya usuluhishi wa malipo ya simu, inayotafuta miamala iliyokwama ikisubiri. Kwa hiyo ilitengenezwa faharasa ya sehemu:

CREATE INDEX CONCURRENTLY miamala_inasubiri_idx
ON miamala (muda)
WHERE hali = 'INASUBIRI';

Faharasa hii hubeba tu miamala inayosubiri, ambayo wakati wowote ni michache, na ile kubwa ikaondolewa baada ya kuangalia pg_stat_user_indexes, takwimu za matumizi ya kila faharasa, na kuridhika kwamba hakuna swali jingine lililoitegemea. Takwimu hizo hutunzwa kwenye kila seva peke yake, kwa hiyo penye nakala ya kusomea, yaani seva ya pili yenye data ileile inayojibu maswali tu, ni lazima zitazamwe huko pia. Faharasa inayoonekana kulala kwenye seva kuu inaweza kuwa ndiyo inayozibeba ripoti zote kwenye nakala. Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba mabadiliko ya hali sasa ni ya bure. PostgreSQL ina njia iitwayo HOT, inayoiwezesha rekodi iliyobadilishwa ibaki kwenye ukurasa uleule bila faharasa yoyote kuandikwa upya, lakini njia hiyo hufungwa pindi safu inayobadilishwa inapokuwamo kwenye faharasa, hata ikiwa imo kwenye sharti lake tu. Tulichookoa ni ukubwa na uandishi wa faharasa moja kubwa, basi.

Ilibaki ripoti ya mwezi, na hapa kisa kilichukua mkondo ambao haukutazamiwa. Ripoti ilichagua miamala kwa sharti hili:

WHERE to_char(muda, 'YYYY-MM') = '2022-06'

Faharasa ya muda haiwezi kusaidia sharti la namna hiyo, kwa kuwa imepanga thamani za muda zenyewe, si matini yanayotokana nazo. Hifadhidata hulazimika kuigeuza kila rekodi kuwa matini kisha ilinganishe. Wala haiwezekani kutengeneza faharasa ya to_char juu ya safu yenye saa za eneo, kwa sababu jibu lake hubadilika kulingana na saa za eneo za anayeuliza, na PostgreSQL hukubali kwenye faharasa kazi zisizobadilika jibu tu. Sharti liliandikwa upya kwa mipaka miwili:

WHERE muda >= '2022-06-01 00:00+03'
  AND muda <  '2022-07-01 00:00+03'

Mpaka wa juu ni "kabla ya tarehe mosi", si "hadi saa 23:59:59", ili muamala ulioandikwa ndani ya sehemu ya sekunde ya mwisho usipotee. Ripoti ikawa nyepesi. Lakini jumla zake hazikufanana tena na za awali. Seva ilikuwa inaendeshwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Muamala wa simu uliofanyika saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai ulikuwa bado ni saa 22:30 ya tarehe 30 Juni kwa seva, na to_char iliuhesabu kwenye mwezi wa Juni. Swali jipya linataja +03 waziwazi na linauweka mahali pake.

Naliona hili kuwa jambo zito kuliko kasi yenyewe. Fundi aliyetumwa kuharakisha swali hana mamlaka ya kubadilisha jumla za fedha kimyakimya, hata kama jumla mpya ndizo sahihi. Ripoti zote mbili ziliendeshwa bega kwa bega, tofauti zikaorodheshwa muamala kwa muamala, na mhasibu akazilinganisha na taarifa ya mtoa huduma wa malipo ya simu, iliyopangwa kwa saa za hapa nchini, kabla ya swali jipya kuruhusiwa kutumika. Kila muamala uliotofautiana ulikuwa wa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kwenye mipaka ya mwezi.

Marekebisho ya mwisho yalihusu kurasa zinazofuata za taarifa ya mwanachama. Karani alipobonyeza kuona miamala ya nyuma zaidi, mfumo ulitumia OFFSET, amri ya kuruka rekodi, ambayo huhesabu na kuziruka rekodi zote zilizotangulia kabla ya kutoa 20 zinazotakiwa. Kwa wakala mwenye miamala maelfu, kurasa za mbali ziliendelea kuwa nzito hata baada ya faharasa mpya. Badala yake, ukurasa sasa unakumbuka muda na id ya muamala wa mwisho uliokwisha kuonyeshwa na kuomba iliyo chini ya hapo:

WHERE mwanachama_id = 48213
  AND (muda, id) < ('2022-06-14 09:12:40+03', 9120433)
ORDER BY muda DESC, id DESC
LIMIT 20;

id imeongezwa kwa sababu miamala miwili inaweza kuwa na muda uleule, hasa makato ya mikopo yanayoandikwa kwa mkupuo, na bila kitu cha kuitofautisha mmoja wao ungerukwa. Faharasa ya safu mbili iliyotengenezwa awali inatosha kwa swali hili. Miamala michache yenye muda sawa hupangwa papo hapo na hifadhidata, kwani tangu toleo la 13 PostgreSQL inaweza kumalizia upangaji wa safu ya mwisho juu ya data ambayo tayari imepangwa kwa zile zinazotangulia.

Ombi la kununua seva liliondolewa. Kwenye orodha ya pg_stat_statements, inayoonyesha muda uliotumiwa na kila swali, swali linalotumia muda mwingi sasa ni ripoti ya mwezi, inayojumlisha kila muamala wa mwezi mzima na kwa hiyo lazima isome kila muamala wa mwezi mzima. Inaendeshwa usiku, kaunta zikiwa zimefungwa, na imeachwa kama ilivyo.